Kiti kisicho na mtetezi: jinsi North Carolina ilivyompata Mwanasheria Mkuu wake mwaka 2024

Mwanasheria Mkuu wa jimbo la North Carolina, kwa kawaida, hamfungulii mwizi kesi. Kazi hiyo ni ya waendesha mashtaka wa wilaya, ambao nao huchaguliwa kwa kura, na ofisi yake huingia katika kesi ya jinai kwenye mahakama za chini pale tu mwendesha mashtaka wa wilaya anapoomba msaada. Lakini ukizisikiliza kampeni za kiti hicho mwaka 2024, ungedhani anatafutwa mkuu wa polisi. Wagombea walishindana kuonyesha nani atakuwa mkali zaidi kwa wahalifu na wauza fentanili, dawa kali ya kulevya. Mamlaka yenyewe ya ofisi, yaani kuishtaki kampuni, kuitetea sheria au kukataa kuitetea, na kuamua kesi kubwa imalizwe kwa fidia ya kiasi gani, yalipigiwa kura bila kujadiliwa vya kutosha. Hilo ni tatizo la kweli, na huwa kubwa zaidi kiti kinapokuwa hakina mtetezi, yaani aliyekikalia hakigombei tena, maana ndipo kinapobadilika mkono.

Kwa msomaji aliyezoea mfumo wa Tanzania au Kenya, cha kushangaza kwanza ni kwamba nafasi hii inapigiwa kura. Tanzania, Mwanasheria Mkuu wa Serikali huteuliwa na Rais kwa ibara ya 59 ya Katiba. Kenya, Rais hupendekeza jina na Bunge la Taifa huliidhinisha, kwa ibara ya 156. Nchi zote mbili zimeyatenga mashtaka ya jinai na kuyakabidhi kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, na Tanzania tangu 2018 ina pia Wakili Mkuu wa Serikali anayesimama mahakamani kwenye kesi za madai. Serikali kuu ya Marekani nayo huteua: Rais hutoa jina, Seneti huidhinisha. Majimbo ndiyo yaliyoshika njia yake. Kati ya majimbo 50, 43 humchagua Mwanasheria Mkuu kwa kura za wananchi. Alaska, Hawaii, New Hampshire, New Jersey na Wyoming humwachia gavana ateue. Wa Maine huchaguliwa na Bunge la jimbo kwa kura ya siri. Na wa Tennessee huteuliwa na Mahakama ya Juu ya jimbo kwa kipindi cha miaka 8.

Kuchaguliwa kuna matokeo yake. Gavana hawezi kumfukuza Mwanasheria Mkuu, hata wakitoka vyama tofauti na hata wakiwa hawaelewani. North Carolina iliyaona hayo Machi 2016. Bunge la jimbo lilipitisha kwa siku moja sheria iliyowalazimu watu katika majengo ya umma kutumia vyoo kulingana na jinsia iliyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, ikazizuia pia miji kujitungia kanuni zake dhidi ya ubaguzi. Gavana Pat McCrory wa chama cha Republican akaitia saini. Mwanasheria Mkuu, Roy Cooper wa chama cha Democratic, akatangaza kwamba ofisi yake haitaitetea mahakamani. Serikali ilijikuta ikishtakiwa huku wakili wake mwenyewe amekataa jukumu. Novemba mwaka huohuo Cooper aligombea ugavana, akamwangusha McCrory kwa tofauti ya takriban kura 10,000. Mmoja wa wadhamini wakuu wa sheria ile bungeni alikuwa mbunge wa Charlotte aitwaye Dan Bishop. Jina hilo litarudi.

Ofisi inafanya nini hasa

Sehemu kubwa ya kazi ni uwakili mkavu usio na kamera. Idara, bodi na vyuo vya serikali vinapodaiwa, mawakili wa ofisi hii ndio wanaosimama. Mtu aliyehukumiwa jela anapokata rufaa, mwendesha mashtaka wa wilaya huachia hapo, na ofisi ya Mwanasheria Mkuu hushika upande wa serikali katika Mahakama ya Rufani na Mahakama ya Juu. Ofisi pia inaendesha maabara ya uchunguzi wa jinai ya jimbo, inayopima damu, risasi, dawa za kulevya na sampuli za kesi za ubakaji. Idara ya upelelezi ya jimbo ilikuwa chini yake hadi 2014, kisha Bunge likaihamisha. Kwa hiyo mgombea anayeahidi kukamata wahalifu anaahidi kwa kutumia watu ambao si wake tena.

Nguvu iliyobaki, ile inayomgusa mtu wa kawaida bila yeye kujua, ni ulinzi wa walaji. Sura ya 75 ya sheria za jimbo inakataza hila na udanganyifu katika biashara. Mwanasheria Mkuu anaweza kuomba mahakama iizuie kampuni isiendelee, irudishe fedha za watu, na ilipe faini ya hadi dola 5,000 kwa kila ukiukaji uliofanywa kwa kujua. Neno la kuzingatia hapo ni "kila": kampuni iliyowalaghai watu 2,000 inahesabiwa makosa 2,000, na ndiyo maana makampuni mengi hukubali kuketi mezani kabla ya hukumu. Sheria hiyohiyo inakataza kupandisha bei kupita kiasi baada ya gavana kutangaza hali ya dharura. Kimbunga Helene kilipoisambaratisha milima ya magharibi mwa jimbo mwishoni mwa Septemba 2024, wiki chache kabla ya uchaguzi, kifungu hicho ndicho kilichotumika dhidi ya waliotaka kufaidi kwenye petroli, vyumba vya hoteli na ukataji wa miti iliyoangukia nyumba.

Zipo pia kesi zinazopita mipaka ya jimbo. Juni 2021 North Carolina ilikuwa jimbo la kwanza kumaliza kesi na JUUL, watengenezaji wa sigara za kielektroniki, kwa dola milioni 40. Josh Stein, Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, alikuwa mstari wa mbele katika mazungumzo yaliyozaa suluhu ya dola bilioni 26 na wasambazaji wa dawa za maumivu za jamii ya afyuni pamoja na Johnson & Johnson; mgao wa North Carolina ulikuwa takriban dola milioni 750, zinazolipwa kwa awamu katika miaka 18, na sehemu kubwa yake inakwenda kwenye kaunti. Fedha hizo hazikutokana na sheria mpya ya Bunge. Zilitokana na uamuzi wa wakili mmoja aliyechaguliwa kwamba kesi ifunguliwe, kisha uamuzi mwingine kwamba kiasi kile kinatosha. Maamuzi hayo mawili ndiyo moyo wa ofisi hii, na mgombea yeyote apimwe kwa hayo kwanza.

Kwa nini kiti hubaki wazi

Mwanasheria Mkuu wa North Carolina hana ukomo wa vipindi. Kila kipindi ni miaka 4, na anaweza kugombea mpaka achoke. Gavana ndiye asiyeweza kupita vipindi 2 mfululizo. Kwa hiyo kiti hiki kwa kawaida hubaki wazi pale tu anayekikalia anapoutaka ugavana, na orodha ya miaka 40 inalithibitisha hilo pasipo shaka. Rufus Edmisten aliondoka 1984 kugombea ugavana akashindwa. Lacy Thornburg alijaribu 1992 akaangukia kwenye mchujo, yaani kura ya kumpata mgombea wa chama. Mike Easley alishinda mwaka 2000, Roy Cooper 2016, Josh Stein 2024. Mara zote 5 kiti kilipobaki wazi, mwenyewe alikuwa akigombea nyumba ya gavana, na watatu wa mwisho waliipata.

Aliyemo akiamua kubaki, ushindani hunyauka. Mwaka 2012 Cooper alipita bila kupingwa. Chama cha Republican hakikusimamisha mtu hata mmoja, katika jimbo ambalo mgombea wao wa urais alishinda na mgombea wao wa ugavana pia alishinda. Aliyemo ana jina, ana miaka ya taarifa za habari kuhusu kesi zake, na wafadhili wanamwogopa kwa sababu keshokutwa anaweza kuwa mezani kwao na hati ya mashtaka. Anayempinga hana hata kimoja. Ndiyo maana vyama hulimbikiza nguvu kwa mwaka wa kiti wazi. Kwa Republican kulikuwa na kiu ya ziada: mara ya mwisho mgombea wao kuchaguliwa kwenye kiti hiki ilikuwa 1896. Walikikaribia sana mwaka 2020, Stein alipomshinda Jim O'Neill, mwendesha mashtaka wa kaunti ya Forsyth, kwa kura zisizofika 14,000 kati ya zaidi ya milioni 5.

Njia ya kufika kwenye karatasi ya kura

Masharti ya kugombea ni machache. Uwe na umri wa miaka 21, uwe mpiga kura wa jimbo, na uwe na leseni ya uwakili inayokuruhusu kufanya kazi katika mahakama za North Carolina. Sharti hili la tatu limo ndani ya katiba ya jimbo, na linamhusu pia anayeteuliwa kuziba pengo. Mwanasiasa maarufu asiye wakili amefungiwa mlango. Ukitaka kugombea kwa tiketi ya chama, lazima uwe umejiandikisha ndani ya chama hicho angalau siku 90 kabla ya kuwasilisha fomu. Watu hukwama hapo: aliyehama chama Oktoba hawezi kuwasilisha fomu Desemba. Fomu hupelekwa kwenye Bodi ya Uchaguzi ya jimbo mjini Raleigh, pamoja na ada ambayo ni asilimia 1 ya mshahara wa mwaka wa nafasi hiyo. Kwa uchaguzi wa 2024 dirisha lilifunguliwa Desemba 4, 2023 saa 6 mchana na kufungwa Desemba 15 saa 6 mchana.

Stein alitangaza nia ya ugavana Januari 2023, na kuanzia siku hiyo kiti kilikuwa sokoni. Dan Bishop, ambaye sasa alikuwa mbunge wa Kongresi Washington, aliingia Agosti. Mpinzani wake alizaliwa na ramani. Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya jimbo, ambako sasa majaji wa Republican walikuwa ndio wengi, ilifuta uamuzi wake yenyewe wa mwaka uliotangulia na kuliachia Bunge uhuru wa kuchora mipaka ya uchaguzi kwa manufaa ya chama. Oktoba ramani mpya ilipotoka, eneo la Charlotte na Gaston lililokuwa la Jeff Jackson, mbunge wa Kongresi wa chama cha Democratic, lilikuwa limekatwa kiasi kwamba hangeweza kushinda. Siku chache baadaye akatangaza kuwania uanasheria mkuu. Waliomwondoa Kongresi walimpa chama chake mgombea mwenye mamilioni ya wafuasi mtandaoni na rekodi ya kuwa mwendesha mashtaka msaidizi wa kaunti. Bishop, kwa upande wake, alikuwa wakili wa kesi za biashara kwa karibu miongo 3.

Mchujo ulifanyika Machi 5, 2024. Bishop hakuwa na mpinzani. Jackson alikabiliana na Satana Deberry, mwendesha mashtaka wa wilaya ya Durham, na wakili Tim Dunn. Kanuni ya hapa inawachanganya wengi: mshindi wa mchujo hahitaji nusu ya kura, anahitaji kuvuka asilimia 30 tu akiwa wa kwanza. Asipofika, raundi ya pili haiji yenyewe. Lazima mshindi wa pili aiombe. Jackson alipata zaidi ya nusu, hivyo suala halikutokea. Na wapiga kura wasio na chama, ambao sasa ndio kundi kubwa kuliko chama chochote jimboni, huruhusiwa kuchagua mchujo wa chama kimoja. Wengi wao hawaendi. Matokeo yake, kundi kubwa zaidi la wapiga kura hukuta Novemba majina mawili ambayo halikushiriki kuyachuja.

Fedha na matangazo

Kwa msimu wa 2023 na 2024 mtu mmoja aliruhusiwa kumchangia mgombea dola 6,400 kwa kila uchaguzi, mchujo ukihesabiwa peke yake na uchaguzi mkuu peke yake. Makampuni yamekatazwa kumpa mgombea fedha moja kwa moja. Zinapita kwingine. Kila chama kina umoja wake wa kitaifa wa Wanasheria Wakuu, ambao hupokea michango mikubwa ya makampuni na makundi yenye maslahi na kuigawa kwenye majimbo yenye ushindani, mara nyingi kwa matangazo ambayo kisheria si ya mgombea. Kampuni ya dawa, ya mikopo au ya mitandao ya kijamii inachangia hapo kwa sababu iliyo wazi: huyu ndiye mtu atakayeamua kama itashtakiwa.

Taarifa za fedha za mgombea huwekwa hadharani na Bodi ya Uchaguzi, na kuzisoma hakuhitaji utaalamu. Angalia mambo mawili. Kwanza, kampuni za uwakili: katika majimbo mengi mawakili wa nje hukodiwa kuendesha kesi kubwa kwa malipo ya asilimia ya fidia, hivyo mchango wa leo unaweza kuwa ombi la kazi ya kesho. Pili, sekta ambazo tayari zina kesi na ofisi. Mwaka 2024 North Carolina ilikuwa na kesi dhidi ya HCA, kampuni ya hospitali iliyonunua hospitali ya Mission ya Asheville mwaka 2019 kwa takriban dola bilioni 1.5; Stein aliishtaki Desemba 2023 akidai imekiuka ahadi zake kuhusu huduma za dharura na za saratani. Agosti 2024 jimbo liliungana na Wizara ya Sheria ya Marekani na majimbo mengine kuishtaki RealPage, kampuni ya programu ambayo wenye nyumba wengi wa kupangisha huitumia kupanga kodi. Kesi hizo hazifi mwenye kiti anapoondoka. Mrithi hukabidhiwa faili, na ana hiari ya kuendelea, kulegeza au kumaliza. Swali la nani angezirithi lilistahili mdahalo mzima.

Badala yake matangazo ya viti hivi yana historia ya kwenda mahali pabaya, na North Carolina ina mifano miwili inayofaa kukumbukwa. Mwaka 2000, kiti kikiwa wazi, tangazo la Cooper lilidai kwamba kampuni ya uwakili ya kina Dan Boyce, mpinzani wake, iliwatoza walipa kodi dola 28,000 kwa saa. Boyce akashtaki kwa kashfa. Kesi iliburutwa mpaka 2014, ikaisha kwa suluhu na Cooper kuomba radhi. Mwaka 2020 tangazo la upande wa Stein lilimlaumu O'Neill kwa sampuli 1,500 za kesi za ubakaji ambazo hazijapimwa. O'Neill alipeleka malalamiko kwa kutumia sheria ya 1931 iliyofanya uongo dhidi ya mgombea kuwa kosa la jinai, na mwaka 2022 mwendesha mashtaka wa kaunti ya Wake akakaribia kufungua kesi. Februari 2023 mahakama ya rufani ya shirikisho ikaizuia, ikisema sheria hiyo yaelekea inavunja uhuru wa kusema. Somo la vitendo ni kwamba hakuna mwamuzi atakayeliondoa tangazo la uongo kabla hujapiga kura. Uthibitisho ni wako kuufanya.

Siku ya kura, na yanayoharibika

Kwenye karatasi, Mwanasheria Mkuu hukaa chini ya Rais, Kongresi, gavana na naibu gavana. Zamani mpiga kura angeweza kuweka alama moja akawa amekichagua chama kizima. Tangu 2014 utaratibu huo haupo, na kila nafasi hujazwa kivyake. Wapo wanaojaza juu, wakachoka, wakaondoka. Kura yao ya Rais inahesabiwa, ya Mwanasheria Mkuu inakuwa tupu, na katika kiti ambacho mwaka 2020 kiliamuliwa kwa tofauti ya chini ya asilimia 0.3 utupu huo si mdogo.

Makosa ya kawaida hujulikana mapema. Usajili hufungwa siku 25 kabla ya uchaguzi, lakini aliyechelewa bado anaweza kujiandikisha na kupiga kura papo hapo katika vituo vya kura za mapema, akiwa na uthibitisho wa makazi. Siku yenyewe ya uchaguzi nafasi hiyo haipo kwa watu wengi. Kitambulisho chenye picha kinahitajika tangu 2023. Asiyekuwa nacho asirudi nyumbani: anaweza kujaza fomu ya kueleza sababu na kupewa kura ya muda, ambayo kaunti huichunguza baadaye. Anayepiga kura kwa posta lazima asaini mbele ya mashahidi 2 au ofisa mthibitishaji, aweke nakala ya kitambulisho, na bahasha ifike kabla ya saa 1:30 usiku siku ya uchaguzi. Muhuri wa posta wa siku hiyo hautoshi tena. Siku 3 za huruma zilifutwa na sheria ya 2023, na hapa ndipo kura nyingi halali hupotea bure.

Usiku wa uchaguzi matokeo yanayosomwa si rasmi. Kaunti huhakiki hesabu zake siku 10 baada ya kura, na Bodi ya jimbo huthibitisha takriban wiki 3 baada ya kura. Aliyeshindwa ana haki ya kudai kurudiwa kwa hesabu ikiwa tofauti ni kura 10,000 au pungufu kwa nafasi za jimbo zima. O'Neill, pamoja na ukaribu wake wote wa 2020, alikuwa nje ya mstari huo.

Novemba 5, 2024 Jackson alimshinda Bishop, asilimia 51 na kitu kwa 48 na kitu. Usiku huohuo Donald Trump alilichukua jimbo kwa takriban pointi 3, na Stein akashinda ugavana kwa karibu pointi 15 dhidi ya Mark Robinson wa chama cha Republican, aliyekuwa amezongwa na kashfa. Wengi walisema kuanguka kwa Robinson ndiko kulikombeba Jackson. Takwimu zinatia shaka maelezo hayo. Kama kuanguka huko kungekuwa na nguvu kiasi hicho, pengo la pointi 15 lisingebaki 3 mistari miwili chini yake. Wapiga kura walitenganisha, na kwa Mwanasheria Mkuu walirudi karibu na mgawanyiko wa kawaida wa vyama jimboni.

Baada ya ushindi, kiti kilipunguzwa

Katiba ya North Carolina inaitaja ofisi hii, lakini majukumu yake inaliachia Bunge liyaandike. Hicho ni kiungo dhaifu ambacho wapiga kura hawakionyeshwi. Mwaka 2017, miezi michache baada ya Stein kuapishwa, Bunge lilikata dola milioni 10 kwenye bajeti ya ofisi na akalazimika kufuta nafasi 45. Novemba 2024, kabla Jackson hajaapishwa, Bunge lilipitisha muswada namba 382 wa Seneti, uliobeba jina la misaada ya kimbunga. Cooper, aliyekuwa bado gavana, aliupinga kwa kura ya turufu, Bunge likaipindua Desemba 11. Ndani yake mna kifungu kinachomkataza Mwanasheria Mkuu kutoa mahakamani hoja yoyote ambayo ingefanya sheria ya Bunge la jimbo ibatilishwe. Alichokifanya Cooper mwaka 2016 kimewekewa kizuizi.

Kifungu hicho hakizuii kesi dhidi ya serikali kuu. Januari 2025, wiki 3 tangu aanze kazi, Jackson aliiunganisha North Carolina na majimbo yaliyopinga amri ya Rais ya kuwanyima uraia baadhi ya watoto wanaozaliwa Marekani, na Februari akaingia katika kesi ya kupinga kukatwa kwa fedha za utafiti wa tiba. Bishop aligombea kama mtu wa Trump, na ni vigumu kuamini kwamba angesaini nyaraka hizo.

Suala la uraia wa kuzaliwa linafika moja kwa moja kwa wazungumzaji wa Kiswahili wa Greensboro, Charlotte na Raleigh, ambako familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo zimepata makazi. Kwao kuna mambo ya kushika. Kura ni ya raia peke yake. Mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, akijiandikisha, hata kwa kubanwa na mtu mwenye fomu mlangoni, anaweza kushtakiwa na kuharibu ombi lake la uraia, asisaini. Mkimbizi huomba kadi ya kijani baada ya mwaka 1, na kwa kuwa tarehe yake hurudishwa nyuma hadi siku ya kuwasili, anaweza kuomba uraia akitimiza miaka 5 nchini. Akishakuwa raia na hasomi Kiingereza vizuri, sheria ya shirikisho inamruhusu aingie kituoni na msaidizi anayemchagua mwenyewe, mradi si mwajiri wake wala mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi.

Malalamiko ya mlaji, tofauti na kura, hayadai uraia. Aliyeuziwa gari bovu kwa udanganyifu, aliyenyimwa amana ya nyumba, au aliyelipa mtu aliyejifanya wakili wa uhamiaji anaweza kujaza fomu ya ofisi hii bila malipo. Ambatisha nakala za mkataba, risiti na ujumbe wa simu, baki na nyaraka halisi. Ofisi huiandikia kampuni na kutaka majibu. Kampuni nyingi hulipa hapo. Isipolipa, ofisi haigeuki kuwa wakili wako binafsi, na ndipo watu huumia: wanasubiri barua kutoka Raleigh huku tarehe ya kufika mahakamani kwa kesi ya kufukuzwa nyumba ikipita. Lalamiko halisimamishi kesi. Nenda mahakamani tarehe uliyopewa, na tafuta msaada wa kisheria sambamba.

Kiti kitapigiwa kura tena Novemba 2028, fomu zikitarajiwa kupokelewa Desemba 2027. Stein bado ana haki ya kipindi cha pili cha ugavana, hivyo ikiwa atakiomba, mtindo wa miaka 40 unaashiria kwamba Jackson atabaki kukitetea chake. Mwaka wa kuutazama ni 2032, Stein atakapokuwa amefika ukomo iwapo atashinda tena, na mwanya utakapofunguka juu.